Chumba cha Mtoto, Shauri la Ukoo

Mtoto mchanga huja duniani na kilo tatu hivi. Hana meno, hana mizigo, na miezi ya kwanza hulala zaidi ya nusu ya siku. Mpe ziwa la mama, nguo kavu na neti ya mbu, hutamsikia akidai kingine. Sijawahi kumwona mtoto mchanga aliyenyoosha kidole ukutani akasema rangi ile haimpendezi. Basi mwenye akili timamu anieleze: ilikuwaje kiumbe huyu, hata kabla hajatoka tumboni, akaninyang'anya dari, ukuta, mahindi ya msimu mzima na likizo yangu ya kisheria?

Nauliza nikiwa na haki ya kuuliza, maana risiti zote ninazo mimi.

Nyumba yetu iko nje kidogo ya mji wa Kitale. Tuliinunua kwa mkopo wa sacco kutoka kwa mzee mmoja, naye aliinunua kwa mwingine, na ukiufuata mnyororo huo mpaka mwisho unamkuta mlowezi. Walowezi walijaa Trans Nzoia baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na reli ilipoingia Kitale mwaka 1926 wakapata namna ya kuletewa vitasa vya shaba na mabafu yenye miguu. Walijenga wakiiogopa baridi: kuta nene, dari ya juu, meko ndani ya chumba cha kulala. Kuhusu baridi sina ugomvi nao. Mji uko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Julai hapa mtu huvaa sweta ili apate nguvu za kwenda kutafuta koti. Ugomvi wangu ni kwamba waliondoka bila kumwachia mtu maelezo. Swichi ya chumba cha kwanza ilikuwa ikiwasha taa ya korido. Swichi ya korido haikuwasha kitu, ila ukiizima, redio ya jikoni ilinyamaza. Soketi zilikuwa zile za matundu ya duara, ambazo plagi yake niliizungukia Kitale nzima mpaka muuzaji mmoja mwenye mdomo akanielekeza makumbusho. Makumbusho tunayo, tena yalianza na mkusanyiko wa mlowezi, Kanali Stoneham. Niliingia. Vipepeo wapo. Plagi hakuna.

Wageni huisifu nyumba hii. "Hii ni nyumba ya mzungu," husema wakiupiga ukuta kofi, "haianguki leo wala kesho." Husema hivyo wakiwa wameshiba, kisha hurudi kulala kwao, kwenye nyumba za juzi ambazo swichi yake inajua kazi yake.

Vyumba vya kulala ni vitatu. Kimoja chetu, cha pili cha binti yetu na dada wa kazi, cha tatu cha mahindi. Msomaji wa Nairobi asicheke. Trans Nzoia ndiyo inayolisha nchi hii ugali. Kampuni ya mbegu, Kenya Seed, ilianzishwa hapa Kitale mwaka 1956, na mbegu chotara ya H611 iliyowabadilishia wakulima maisha ilitoka katika utafiti wa hapa hapa mwaka 1964. Mtu hawezi kukaa Kitale akakosa mahindi. Hata karani wa ofisi kama mimi hukodi ekari chache Kiminini ili asionekane mgeni. Na kila mwenye mahindi anajua kanuni: ukivuna Novemba usiuze Novemba. Wakati huo kila mtu anauza, karo ya Januari iko mlangoni, na broka anakuja na lori lake na bei ya dharau. Unayakausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5, unayatia dawa ya osama, yule mdudu anayegeuza punje kuwa unga bila kukupeleka posho mill, unayapanga kwenye gunia za kilo 90, halafu unasubiri. Ifikapo katikati ya mwaka, sufuria za watu zikianza kulia, broka yule yule anarudi akiwa na heshima.

Mwaka huo sikufika kwenye heshima. Mke wangu ni muuguzi, na muuguzi mjamzito hana mjadala.

"Baba Watoto," aliniambia, "kile chumba kitoke mahindi."

"Yatatoka Julai."

"Yatatoka wiki hii. Mtoto hatavuta hewa ya dawa ya osama."

Nilimwambia mtoto anatarajiwa mwisho wa Septemba. Akaniambia chumba kinahitaji kupumua. Mahindi yakaondoka na lori asubuhi moja ya Mei, kwa bei ambayo sitaiandika hapa kwa kuwa gazeti hili husomwa na watoto. Wiki iliyofuata bei ikapanda. Silalamiki. Nataja tu.

Chumba kilipobaki wazi ndipo tulipoona kilichokuwa kimefichwa. Rangi ilikuwa imevimba na kubanduka kwa tabaka: krimu juu ya kijani, kijani juu ya buluu, buluu juu ya kitu kilichokuwa cheupe enzi za gavana fulani. Mbao za sakafu zililia kila mahali isipokuwa pale palipokuwa na gunia. Darini kulikuwa na baka kubwa la hudhurungi na harufu ambayo siku zote tulikuwa tukiyasingizia mahindi. Nikasema tutafute fundi mjini, tukubaliane bei, aandike kwenye karatasi, amalize, aende. Hayo ndiyo yalikuwa makusudio yangu yote, na yaliishi mpaka mama alipopiga simu kutoka Bungoma.

"Nasikia unataka kuita watu wa barabarani waje kuchokora nyumba yako," alisema, "na khocha wako yuko hapa amekaa."

Kwa asiye wa kwetu: khocha ni mjomba, ndugu ya mama, na katika Wabukusu mjomba si mtu wa kuchezea. Baraka yake inatafutwa, na manung'uniko yake yanaogopwa kuliko mahakama. Khocha wangu ni fundi wa mawe, fundi wa mbao, fundi wa rangi na, ikibidi, fundi wa stima. Amejenga madarasa, makanisa na zahanati kuanzia Kanduyi mpaka Chwele, na yote bado yamesimama. Ubora wa kazi yake hauna shaka. Shaka iko kwenye namna ya kumwajiri mtu ambaye huwezi kumhimiza, huwezi kumkosoa, huwezi kumfuta na, baya kuliko yote, huwezi kumwuliza bei.

"Khocha, gharama itakuwa kiasi gani?"

"Wewe ni mtoto wa dada yangu," alijibu. "Tutazungumza."

Katika lugha zote za mafundi sijasikia nukuu ya bei inayotisha kama hiyo.

Alishuka kwenye matatu ya Bungoma akiwa na mfuko wa vyombo, timazi, kamba, na kijana mmoja wa mkono ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kukubaliana naye. Chumba alikipima kwa hatua. Futi ya chuma niliyomnunulia aliipokea kwa adabu, akaitumia kufungia mlango usipigwe na upepo. Jioni ya kwanza tulichinja kuku, na sihitaji kueleza imondo ilikwenda kwenye sahani ya nani. Firigisi ni ya mkubwa, na chini ya paa langu mwenyewe, lenye mkopo unaokatwa kwenye mshahara wangu mwenyewe, mkubwa alikuwa khocha. Aliitafuna polepole huku akiitazama dari.

"Hii kazi ni ndogo," alisema. "Palizi ya pili haitatukuta hapa."

Kwetu kalenda haina haja ya tarehe. Mtoto akija na mvua anaweza kuitwa Wafula au Nafula, akija na mavuno Wekesa au Nekesa, akija na kiangazi Simiyu au Nasimiyu. Khocha naye hupanga kazi kwa majira, na tofauti ni moja tu: mtoto hufika katika majira yake.

Siku ya pili aliingia kazini na msasa. Vumbi la buluu lilikuwa limeanza kupaa koridoni wakati mke wangu aliporudi kutoka zamu ya usiku. Sijawahi kumwona mwenye tumbo la miezi mitano akikimbia. Alimwamkia mjomba kwa heshima zote, akamshika mkono kwa heshima zote, akamtoa nje ya chumba kwa heshima zote, ndipo akamwambia aweke ule msasa chini.

Nimelazimishwa kulijifunza somo lile, nanyi mlipate. Rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi. Zikikaa ukutani zimetulia, hazikusumbui sana. Ukizikwangua kavu, zinageuka vumbi, na vumbi linaingia mapafuni, kwenye vidole, kwenye midoli, na mtoto anayetambaa hulamba vyote hivyo bila ubaguzi. Risasi huharibu ubongo unaokua, na kwa mjamzito huvuka mpaka kwa aliye tumboni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na kwa rangi mpya Kenya imeweka kikomo cha sehemu 90 kwa milioni. Kwa hiyo ukuta huloweshwa kwanza, mlango hufungwa, vumbi hufutwa kwa kitambaa chenye maji wala halifagiliwi, na mjamzito na watoto huwa mbali na nyumba.

Khocha alisikiliza mpaka mwisho. "Mimi nimekwangua rangi miaka thelathini," akasema, "na akili yangu iko sawa."

Hakuna aliyethubutu kujibu. Kijana wa mkono alikubaliana naye.

Suluhisho likawa kwamba mama watoto na binti wahamie kwa wazazi wangu Bungoma, shule zilipofungwa na likizo yake ya mwaka ilipoiva. Mimi nikabaki na khocha, ndoo za maji na ukuta uliolowa. Kila Ijumaa nilipanda matatu: Kiminini, Kamukuywa, Misikhu, Webuye, kisha Bungoma, kila kituo kikiongeza abiria na kunipunguzia nafasi ya magoti. Nilikwenda kumwona mke wangu. Nilichokikuta huko ni kamati.

Lakini kwanza popo.

Baka la hudhurungi darini lilikuwa ni mkojo wa popo, na harufu ilikuwa yao. Kwa jinsi walivyojipanga, nadhani waliingia siku ile mlowezi alipotoka. Khocha alikata tundu kwenye dari, akachungulia, akashuka, akaagiza jiko la makaa na pilipili kavu. "Moshi huu," alisema, "hata mwizi hukiri." Jiko likapandishwa. Wazo lilikuwa kwamba popo watakimbilia nje kupitia mapengo ya paa. Popo waliona kuna tundu jipya, kubwa, lililokatwa vizuri na fundi mwenye uzoefu, wakalitumia. Waliteremka chumbani, wakapita koridoni, wakageuza sebuleni, na khocha, mtu asiyekimbizwa na lolote, alitangulia nje akisema anakwenda kuangalia mchanga.

Nikampigia mke wangu. Swali lake la kwanza halikuwa pole.

"Mmewagusa?"

Kisha akanisomea darasa la pili. Sisi majirani wa Mlima Elgon tunalo pango la Kitum, ambamo tembo huingia usiku kutafuta chumvi kwenye mawe na ambamo popo ni wengi kuliko wapiga kura wa wadi yetu. Mwaka 1980 Mfaransa mmoja, na mwaka 1987 mvulana mmoja wa Kideni, waliugua homa ya Marburg baada ya kulizuru, na wote wawili hawakupona. Nilimwambia popo wa darini kwetu ni wadogo, wala mbu tu, wale wa pangoni ni wengine. Akasema hilo analijua, lakini popo hashikwi kwa mkono, na mavi yake hayafagiliwi makavu. Na zaidi ya hayo hawafukuzwi kwa moshi: unasubiri giza liingie watoke wenyewe kwenda kutafuta chakula, ndipo unaziba mapengo. Tena unahakikisha kwanza hakuna watoto wasioweza kuruka waliobaki ndani.

Tulipoangalia, watoto walikuwapo. Kumbe juu ya chumba cha mtoto wetu kulikuwa na wodi ya wazazi, na haikudai dari mpya.

"Kwa hiyo popo nao wapewe notisi?" aliuliza khocha.

Wakapewa. Walikaa juu yetu mpaka watoto wao wakajua kuruka, bila kodi, huku mimi na mkubwa wangu tukiendelea na kazi kwa vitambaa puani.

Sasa nirudi kwenye kamati. Ilikaa chini ya mwembe wa baba, Jumamosi, baada ya chai. Ajenda ilikuwa moja na mtoto hakuwa mmojawapo wa waliotajwa: mama mkwe wangu atalala wapi?

Mke wangu alitaka mama yake aje mwezi wa kwanza. Ni haki. Nani mwingine ataaminiwa kumwogesha mtoto, kupika uji na kumlazimisha mzazi anywe supu? Lakini kwetu mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa kuachiana nafasi, na mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Haitegemei kama tunapendana. Tunapendana sana, tukiwa mbali mita kadhaa. Mama yangu mwenyewe hana kizuizi hicho, na kwa jinsi alivyolitamka jambo hilo mara nyingi, niliona kwamba anaipenda sana mila hii.

Mzee mmoja alitoa wazo kwamba chumba kile cha tatu kikifunguliwa mlango wake wa kutokea nje, na ule wa ndani ukazibwa kwa matofali, basi si sehemu ya nyumba tena. Ni jirani. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Nikauliza kama ukuta wa nyumba ile wanaufahamu. Wakasema khocha atajua.

Khocha alijua. Ukuta ule haukujengwa ili utobolewe. Kijana wa mkono alipiga nyundo kuanzia chai ya saa nne mpaka dengu za mchana, siku baada ya siku, na kila jioni tulikuwa na mlango mfupi kidogo kuliko ule wa kuingilia kuku. Ulipokwisha, ulikuwa mlango mzuri, mpana, wenye fremu ya sipresi na ngazi mbili za simiti. Nikapiga picha nikaituma Bungoma. Kamati ikakaa tena.

"Mlango tumeuona," walisema. "Lakini paa ni lile lile."

Ikabidi lijadiliwe paa. Upande mmoja ulishikilia kwamba mtu halali chini ya paa, hulala chini ya dari, na dari mpya itakuwa ya chumba kile peke yake. Upande wa pili ulisema maji ya mvua hayajui dari. Yakiteremka kwenye bati moja, nyumba ni moja. Mtu akapendekeza ukanda wa paa ukatwe pawe na mwanya. Baba akauliza mvua ya Kitale itapita wapi. Mwenye pendekezo akasema hapo khocha atajua. Nilitazama miguu yangu. Nimeona mashauri ya ardhi yakiamuliwa kwa hoja chache kuliko hizo.

Aliyetukomboa ni mama mkwe mwenyewe, ambaye hakuna aliyekuwa amemwuliza. Alituma ujumbe kupitia bintiye kwamba ana mpwa wake anayeishi Matisi, hapo hapo Kitale, atalala huko, na kila asubuhi atapanda boda boda aje. "Mwambieni mkwe wangu asivunje nyumba," alisema. Ujumbe ulifika mlango ukiwa umekwisha kupakwa vanishi. Mlango wa ndani, ambao hatukuwa tumeuziba, ulibaki. Wa nje nao ukabaki. Chumba cha mtoto sasa kina milango miwili na upepo wa Elgon unapita katikati bila kubisha hodi.

Ikaingia Agosti ya mwaka wa shufwa, na mwenye fundi Mbukusu anajua maana yake. Kila baada ya miaka miwili, mwezi huo, vijana wetu hutahiriwa, na kabla ya siku yenyewe kijana huenda kwa khocha wake akicheza na kengele zake mikononi, akachinjiwa ng'ombe, akavikwa luliki, nyama ya ng'ombe huyo, shingoni. Bila khocha hakuna kitu. Na khocha wangu, kwa bahati ya dada zake kuzaa sana, alikuwa khocha wa nusu ya kata. Alinitazama machoni akiwa ameshika mfuko wa vyombo.

"Nitarudi," alisema. "Hii haihitaji kibali chako."

Haikuhitaji. Mimi mwenyewe aliwahi kunichinjia. Aliondoka dari ikiwa nusu, upande wa dirishani umepigwa mbao mpya, upande wa mlangoni unaonyesha nyota. Popo walikuja kuikagua wakaona haifai.

Aliporudi, Septemba ilikuwa imekwisha kuzeeka, na kijana wa mkono hakurudi naye. Alikuwa amepata kazi ya kukubaliana na mtu mwingine Webuye. Ndipo sheria ikaingia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama miezi mitatu ya likizo kwa mshahara kamili, na baba wiki mbili. Wabunge, nadhani, walijenga picha ya baba ameketi na mwanawe mapajani. Mtoto alipozaliwa salama, kwa neema ya Mungu na mikono ya wakunga, nilijaza fomu, bosi akanipa mkono, na kesho yake asubuhi nilikuwa juu ya ngazi nimeshikilia mbao ya dari kwa kichwa huku khocha akitafuta misumari mifukoni.

"Shikilia hapo, baba mzazi," alisema.

Wiki mbili zile nilipiga andakoti, nikapiga rangi ya maziwa ile isiyo na risasi, nikachanganya simiti ya kuziba meko, nikapitisha nyaya za stima pamoja na fundi mwenye leseni, maana hapo hata khocha alikubali kwamba nyumba ya mlowezi imemshinda. Chumba cha binti kikapakwa zambarau kwa sababu alikuwa ameahidiwa zambarau na bibi yake, kwa pesa zangu. Soketi zote sasa ni za pini tatu za mraba. Swichi ya korido huwasha taa ya korido. Mambo haya madogo yalinitia machozi. Au ilikuwa thina.

Mtoto ni msichana, akaja na mvua, kwa hiyo angalau jina halikuhitaji kamati. Sasa niwaambie analala wapi. Analala chumbani kwetu, karibu na kitanda chetu, chini ya neti, katika chumba pekee ambacho hakuna aliyekigusa. Mama yake anasema ndivyo inavyoshauriwa: miezi sita ya kwanza mtoto alale chumba kimoja na wazazi. Niliuliza kwa upole kama ushauri huo ulitoka juzi. Akasema ni wa zamani. Niliuliza kama alikuwa akiujua Mei. Akaniomba nimpitishie nepi.

Chumba cha mtoto kilipokwisha, alikikalia mama yangu kwa mwezi wa kwanza, akasema kina upepo. Alipoondoka akaja khocha, kukagua kazi yake kabla ya yale mazungumzo yetu ya bei, akalala humo siku kadhaa, akala imondo, akasema fundi aliyetoboa ule mlango alikuwa hodari. Bei bado hatujaizungumza. Kila nikiigusa ananiuliza hali ya mtoto.

Juzi simu ililia, baba kutoka Bungoma. Salamu za mulembe zikapita, hali ya mtoto ikapita, mvua ikapita.

"Mwanangu, kile chumba kimekauka?"

"Kimekauka, baba."

"Hakivuji?"

"Hakivuji. Dari ni mpya."

"Na popo?"

"Walihama."

"Vizuri sana. Huo mlango wa nje, khocha wako ananiambia ni mpana. Lori linaweza kurudi nyuma mpaka kwenye ngazi?"

Nikanyamaza.

"Mavuno ya huku mwaka huu ni mazuri," aliendelea, "na huku kwetu kuna joto, osama hatupi nafasi. Huko kwenu baridi ni nyingi, mahindi yatakaa mpaka Julai bila wasiwasi. Chumba kizuri hakikai bure."

Mke wangu akauliza kutoka jikoni ni nani aliyekuwa akipiga. Nikamwambia ni mpangaji.